Wivingi Mbulu na Hanang: Kinachoharibu nywele kimejificha chini ya mshono

MWEZI Desemba unapoingia, saluni za mjini Mbulu na Katesh huwa na shughuli nyingi. Wapo wanaorejea nyumbani kwa Krismasi kutoka Arusha, Babati na Dar es Salaam, wapo wafanyabiashara waliouza vitunguu saumu vyao, na lipo kundi moja ambalo wasusi hulifahamu vizuri: wasichana waliomaliza mtihani wa kidato cha nne mwezi Novemba, ambao kwa miaka minne hawakuruhusiwa kusuka. Wengi wao huja na ombi moja. Wanataka kushonewa wivingi.

Mtindo huo si mgeni tena katika wilaya hizi mbili za Mkoa wa Manyara. Umewafikia walimu, wauguzi, watumishi wa halmashauri na mama lishe wa stendi. Lakini namna ya kuutunza bado imetawaliwa na imani kwamba wivingi ikishashonwa haiguswi na maji, na kwamba kadiri inavyokaa ndivyo fedha ya mteja inavyookolewa. Imani hizo mbili ndizo zinazowagharimu baadhi ya wanawake nywele zao za mbele, na wakati mwingine gharama hiyo hailipiki tena.

Kosa hilo linaeleweka. Anayejitazama kwenye kioo huona nywele ndefu, laini, zinazong’aa, naye huzitunza hizo kwa kuzichana, kuzipaka mafuta na kuzinyoosha. Nywele zake mwenyewe, ambazo ndizo zilizo hai, zimelala chini katika mistari iliyosukwa, haziguswi wala hazionekani. Matunzo ya wivingi kwa hakika ni matunzo ya kile kisichoonekana.

Kwa wasioufahamu, ufundi wenyewe uko hivi. Msusi huzisuka kwanza nywele za mteja katika mistari myembamba iliyolala kichwani, ama ya kwenda nyuma ama ya mzunguko. Kisha huchukua ukanda wa nywele za kununua, ambazo zimeshonwa kiwandani kwenye utepe mwembamba, na kuuunganisha na mistari ile kwa sindano iliyopinda na uzi. Wengine hutandika wavu juu ya mistari kabla ya kushona, ili uzito usambae badala ya kuangukia mstari mmoja. Njia hiyo ilitokana na kazi ya Mmarekani mweusi, Christina Jenkins, wa Cleveland katika jimbo la Ohio, ambaye mwaka 1951 aliomba hati ya kulinda uvumbuzi wake wa kushikiza nywele za ziada kichwani kwa uzi.

Nywele zinazoshonwa ni za aina kuu mbili: za binadamu, ambazo nyingi hutoka India na nchi nyingine za Asia, na zile za nyuzi za viwandani, ambazo kimsingi ni jamii ya plastiki. Sokoni majina kwenye pakiti huweza kumchanganya mnunuzi, lakini kipimo kipo. Chomoa unywele mmoja na uuchome kwa kiberiti, mbali na vitu vinavyoshika moto. Wa binadamu huungua, hutoa harufu kama ya unyoya ulioungua na kubaki majivu yanayosagika kwa vidole. Wa plastiki huyeyuka, hujikunja na kuacha kipunje kigumu. Tofauti hiyo si ya bei peke yake, kama tutakavyoona tukifika jikoni.

Kuhusu bei, wengi watakumbuka kwamba Juni 2019 aliyekuwa Waziri wa Fedha na Mipango, Dk. Philip Mpango, aliliambia Bunge kuwa Serikali inakusudia kutoza ushuru wa bidhaa wa asilimia 25 kwa nywele za bandia zinazoagizwa kutoka nje na asilimia 10 kwa zinazotengenezwa nchini. Mjadala uliofuata ulikuwa mkali, na wenye kicheko kingi mitandaoni. Kwa mwanamke wa Dongobesh au Basotu, hata hivyo, kila shilingi inayoongezeka kwenye pakiti ina maana moja: wivingi itakaa kichwani muda mrefu zaidi. Na ongeza nauli ya kwenda saluni na kurudi.

Tuanze na ususi wenyewe, kwa kuwa hapo ndipo madhara mengi huzaliwa. Mistari iliyokazwa mno huvuta vinyweleo kutoka kwenye mizizi yake mchana na usiku. Mteja huondoka saluni akiwa na kichwa kinachouma, vipele vidogo kwenye kipanda uso na nyusi zilizoinuka kana kwamba ameshtushwa. Humeza vidonge vya kutuliza maumivu, hulala kifudifudi siku mbili, na huambiwa kuwa ndivyo urembo ulivyo. Si kweli. Maumivu hayo ni taarifa kwamba mizizi inavutwa kupita uwezo wake, na dawa yake ni kufumua mistari inayouma siku hiyohiyo, si kidonge.

Mvuto huo ukirudiwa mwaka hadi mwaka huleta upara wa kuvutwa, ambao huanzia pembeni mwa uso, juu ya masikio na kwenye kipanda uso. Utafiti uliofanywa Afrika Kusini na Profesa Nonhlanhla Khumalo wa Chuo Kikuu cha Cape Town pamoja na wenzake, na kuchapishwa mwaka 2007, ulikuta upara wa aina hiyo kwa karibu theluthi moja ya wanawake watu wazima waliopimwa. Watafiti hao walionyesha pia kwamba hatari huongezeka pale nywele zilizotiwa dawa ya kulainisha zinaposukwa au kushonewa nywele za ziada. Nywele zilizotiwa dawa tayari zimepoteza sehemu ya nguvu zake. Kuzitia dawa asubuhi na kuzisuka kwa kukaza jioni ni kuzitwisha mizigo miwili kwa siku moja. Ni busara kuacha walau wiki mbili katikati.

Hapa ndipo wale wahitimu wa kidato cha nne wanapohitaji uangalizi wa pekee. Shule nyingi za Serikali huwataka wanafunzi wawe na nywele fupi sana. Nywele za binadamu hukua kwa wastani wa kama sentimita moja kwa mwezi, na nywele za Kiafrika mara nyingi hukua taratibu zaidi ya hapo. Msichana aliyeacha kunyoa mwanzoni mwa Novemba hufika Krismasi akiwa na sentimita mbili au pungufu. Urefu huo haushikiki vizuri, na ili uzishike, msusi hulazimika kubana na kukaza kuanzia kwenye ngozi. Msusi mwenye kujali kazi yake humwambia binti asubiri hadi miezi ya kati ya mwaka unaofuata, na mzazi anayelipia angefanya vyema kumuunga mkono msusi huyo badala ya kutafuta mwingine. Kwa sherehe ya siku moja, wigi la kuvaa na kuvua lingetosha.

Kwa mwenye nywele za kutosha, kuna mambo machache ya kumwomba msusi kabla hajaanza. Aanze mistari nyuma kidogo ya ukingo wa nywele, ili zile laini za mbele zisiingizwe kwenye mshono. Asishone kanda mbili au tatu juu ya mstari mmoja kwa kutaka wingi. Atumie sindano mpya au ya mteja mwenyewe: sindano hiyo hupita karibu sana na ngozi, huchoma mara kwa mara, na virusi vya homa ya ini aina ya B huambukizwa kwa damu kidogo mno. Kununua sindano yako na kuihifadhi kwenye mkoba ni gharama ndogo, na hakuna msusi mwungwana atakayekasirika.

Baada ya hapo huja hali ya hewa, na katika jambo hili Mbulu na Hanang ni majirani wasiofanana.

Mji wa Mbulu uko kwenye nyanda za juu zenye baridi. Kati ya Juni na Agosti asubuhi huwa na ukungu, upepo ni mkali, na nguo zilizofuliwa huweza kulala kwenye kamba hadi kesho yake. Mistari iliyosukwa na kufunikwa na mshono haikauki upesi kuliko nguo. Anayeosha wivingi jioni na kulala nayo ikiwa mbichi, tena akiwa amejifunga kitambaa kizito kwa sababu ya baridi, huamka na kichwa chenye harufu ya uvundo na muwasho. Unyevu na joto vikikutana chini ya kifuniko hustawisha vimelea vya ngozi, na mba huongezeka. Kwa hiyo Mbulu kanuni ni moja: osha asubuhi, siku ya jua, au saluni kwenye mashine ya kukaushia. Umeme ukikatika nusu ya kazi, kama ilivyo kawaida yake, usiondoke na kichwa kibichi. Futa kwa taulo kavu, panua kanda kwa vidole na ukae juani mpaka ngozi, si nywele za juu tu, iwe imekauka.

Ukishuka upande wa Hanang tatizo hugeuka. Katesh imekaa chini ya mlima Hanang wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, na wilaya ina maeneo mengi makavu yenye vumbi, hasa wakati wa kiangazi na kulima mashamba makubwa ya ngano ya Basotu. Abiria wa bodaboda kwenye barabara ya udongo hufika aendako akiwa amebadilika rangi. Vumbi hilo huingia kati ya kanda, hukutana na mafuta na jasho, na kuganda kwenye ngozi kama tope. Kichwa cha Katesh kinahitaji kuoshwa mara nyingi zaidi kuliko cha Mbulu, na bahati mbaya maji ndiyo haba huko.

Aidha, si maji yote yanafaa. Wilaya hiyo ina Ziwa Balangida lenye maji ya chumvi, na baadhi ya visima vya ukanda wa bonde hutoa maji yenye chumvichumvi ambayo sabuni haitoi povu ndani yake. Maji magumu ya namna hiyo huacha utando mweupe unaozifanya nywele ziwe kavu na kukwaruza, na wengi hudhani shampuu ndiyo mbaya. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati ni bora kwa kusuuza. Ndoo moja yatosha kabisa kwa anayejua kuyatumia, na pale maji yanapobebwa kwa punda au kununuliwa kwa dumu, ujuzi huo ni akiba ya fedha.

Namna ni hii. Changanya shampuu kidogo na maji kwenye chupa yenye mdomo mwembamba, kama ile ya mchuzi wa nyanya. Ingiza mdomo wa chupa kati ya ukanda na ukanda, mimina kwenye ngozi na sugua kwa ncha za vidole, si kwa kucha, ukifuata mstari bila kuzungushazungusha. Kwa nywele za juu acha povu literemke lenyewe. Kuzifikicha kama nguo huzifunga mafundo. Suuza kwa kikombe mpaka maji yatoke safi, kwa kuwa shampuu iliyobaki ndani huwasha kuliko uchafu wenyewe. Kondishena ipakwe kwenye nywele za juu peke yake, isifike kwenye mshono. Kwa Mbulu, mara moja kila baada ya wiki mbili inatosha kwa wengi. Kwa Katesh wakati wa vumbi, kila wiki au siku kumi. Katikati ya hapo, kitambaa cha pamba kilicholoweshwa na kukamuliwa vizuri, kikipitishwa kwenye njia za mistari, huondoa vumbi jingi.

Mafuta nayo yana mipaka yake. Wapo wanaomimina mafuta ya nazi au ya nyonyo kila jioni wakiamini kwamba wanatibu mba. Vimelea vinavyohusishwa na mba hujilisha mafuta ya ngozi, kwa hiyo kumimina mengi huweza kuwa sawa na kuvitengea chakula. Matone machache mara mbili kwa wiki, kwenye mistari na kwenye nywele za ukingo, yatosha.

Kisha usiku. Kitambaa cha pamba hunyonya mafuta na kukwaruza. Cha satini huteleza. Wakazi wa Mbulu ambao hawawezi kulala bila kofia ya sufu wasiivue, kwani hakuna urembo unaostahili homa, ila watangulize satini ndani na sufu juu. Nywele zichanwe kabla ya kulala, kuanzia ncha kupanda juu huku mkono mwingine umeshika karibu na mshono ili uzito usivute mzizi, na zifungwe suko moja legelege.

Jikoni ndipo aina ya nywele inapojionyesha. Katika nyumba nyingi za wilaya hizi chakula hupikwa kwa kuni, na wakati wa baridi familia huota moto. Nywele za plastiki hazihitaji kuguswa na mwali. Joto la mafiga tu huzikunja na kuzigandisha, na zikishika moto huyeyukia kwenye ngozi. Zinashika pia harufu ya moshi kwa siku kadhaa. Mpishi azifunge nyuma na kuzifunika kabisa. Pasi ya nywele nayo isiguse nywele za plastiki, labda pakiti iseme wazi kuwa zinastahimili joto. Hata kwa za binadamu, mara nyingi kinachoungua ni zile nywele chache za asili zilizoachwa nje juu ya kichwa ili kuficha mshono: hupigwa pasi kila asubuhi zifanane na za kununua, mpaka zinakatika zote na kuacha kiduara.

Anayebeba ndoo kichwani aweke kata laini na pana, au bora zaidi akubali mzigo uende kwa punda au mkokoteni katika wiki ya kwanza, mistari inapokuwa mibichi. Mzigo hugandamiza vifundo vya uzi kwenye ngozi na kuacha vidonda ambavyo mwenyewe havioni.

Je, wivingi ikae muda gani? Wiki sita hadi nane. Hapo ndipo ubishi huwa mkubwa, kwa sababu mteja aliyelipa fedha nyingi hutaka miezi mitatu au minne. Lakini nywele zinaendelea kukua chini. Baada ya miezi miwili mistari imesogea mbali na ngozi, na uzito wote wa kanda unaning’inia kwenye sehemu fupi ya nywele mpya, ambayo haijasukwa na haina wa kuisaidia. Kadhalika, zile zilizokwisha kung’oka zenyewe zimebanwa ndani na kuanza kujifunga na zilizo hai. Anayetaka kuokoa fedha anunue nywele nzuri za binadamu na kuzishona upya mara ya pili na ya tatu; kinachorudiwa kiwe ni ukanda, kichwa kipewe mapumziko ya wiki mbili au zaidi kila baada ya mshono.

Kufumua kuna hofu yake. Wanawake wengi hulia wakiona tonge la nywele mkononi. Ni vizuri kufanya hesabu: kila binadamu hupoteza nywele kati ya 50 na 100 kwa siku. Kwa siku 60 hizo ni kati ya 3,000 na 6,000, ambazo kwa kawaida zingeondoka kidogo kidogo kwenye chanio na mto. Chini ya wivingi hazikuwa na pa kwenda. Kwa hiyo tonge peke yake si ugonjwa. La kuangalia ni je, zina kile kijichwa cheupe cha mzizi, ishara kwamba zilidondoka kwa wakati wake? Au ni vipande vifupi visivyo na mzizi, ishara kwamba zimekatika?

Uzi ukatwe kwa mkasi mdogo mahali palipo na mwanga, upande wa ukanda, si upande wa mstari. Mistari ilainishwe kwa mafuta kidogo na kufumuliwa kwa vidole. Jambo moja hukosewa sana: nywele zichanwe kwa chanio pana kabla hazijagusa maji. Ukimwaga maji juu ya zile zilizong’oka zikiwa bado zimechanganyika na nyingine, hugeuka mkeka ambao msusi atauondoa kwa mkasi.

Dalili za kutopuuza ni vipele vyenye usaha, magamba yanayonata, tezi zilizovimba nyuma ya shingo, na ukingo wa nywele unaorudi nyuma huku ukiacha mbele safu nyembamba ya vinyweleo vifupi. Safu hiyo ndiyo alama ya upara wa kuvutwa. Katika hatua hiyo, ngozi ikiwa bado ina matundu ya vinyweleo, nywele nyingi hurudi mara mvuto unapoondolewa, ingawa huchukua miezi. Ngozi ikishakuwa laini na yenye kung’aa bila matundu, vinyweleo vimekwisha kugeuka kovu, na hakuna mafuta ya sokoni, hata yawe na lebo ya kuvutia kiasi gani, yatakayovifufua.

Vipele na usaha hutibiwa katika hospitali za wilaya zote mbili au Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, ambayo imekuwa ikihudumia eneo hilo tangu mwaka 1955. Kwa upara unaoendelea, mgonjwa huweza kuandikiwa rufaa kwenda KCMC mjini Moshi, kilipo Kituo cha Kikanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992 na ambacho hufundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Anayekwenda kupimwa afumue wivingi nyumbani kwanza, kwa kuwa daktari hawezi kuichunguza ngozi iliyofunikwa na mshono, na safari ya kutoka Mbulu hadi Moshi ni ndefu mno kuirudia.